Adui Yuko Wapi

Kibanda cha Ndahani, Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga:
kiingilio mia tatu, watoto mia mbili,
pazia la viroba vya unga vilivyoshonwa kwa uzi wa viatu,
nami nje na beseni la karanga,
tundu moja usawa wa jicho langu la kushoto.
Kwa miaka minne nimeona nusu ya kila vita duniani.

Jumamosi ile ya Oktoba upepo ulibeba mtaa mzima
ukautua upande wa pili wa barabara,
Ndahani akakosea diski.
(Au hakukosea. Mpaka leo hajakiri.)

Katuni. Wanaume wakaguna.
Msichana anaamka, anakunja shuka,
anasugua sufuria, anaisugua kweli,
kwa jivu, hadi masizi ya kwenye masikio yake.
Hakuna anayemkimbiza.
Mvuke unapanda kutoka kwenye wali
na aliyeuchora, popote alipo,
hakuona sababu ya kuuharakisha.

Kisha chini ya kabati akatoka yule mdogo,
mwili kama pamba iliyolowa, macho kama punje za kunde.
Kazi yake: kutafuta vifuniko vilivyopotea
na kuvirudisha usiku, kila kimoja kwa chungu chake.
Basi. Huo ndio uchawi wote.

Chidawali, mtafsiri wetu,
aliyezoea kuwasemea majambazi hadi mishipa ya shingo imsimame,
akashika maikrofoni, akapumua.
"Sasa... anakula."
Kimya kirefu.
"Bado anakula."
Akaizima. Tukasikia kijiko.

"Adui yuko wapi?" aliuliza Chibago, mfyatua tofali,
vumbi jekundu lingali kwenye nyusi.
Hakujibiwa. Akakaa vizuri amngoje.
Akangoja, akangoja, adui hakuja,
ikaja mvua.

Dakika nne za mvua ya kuchorwa.
Ninyi mnaolala kando ya mito mtaniona mshamba,
lakini kwetu tangu Aprili mbingu imefungwa
kama duka la marehemu ambalo ndugu wanagombea funguo.
Nilikuwa nimepanga foleni ya bomba tangu saa kumi alfajiri
nikarudi na dumu moja, nusu yake tope.
Na pale ukutani inanyesha, bure,
juu ya bati, juu ya kamba ya nguo,
ndani ya ndoo iliyosahauliwa uani:
to, to, to, halafu ile sauti nene
ya maji yanayoangukia maji.
Mtoto wa mbele akanyoosha kiganja
aone kama kitalowa.
Hakuna aliyecheka.

Upande wa kulia wa picha sikuuona.
Najua kulikuwa na jambo,
maana mara mbili kibanda kizima kilivuta pumzi
mimi nikabaki na ukuta na mkia wa paka.
Chibago alipotoka akanunua karanga za mia mbili.
Nikamuuliza, kulikuwa na nini?
"Hamna kitu. Mlango tu ulifunguka."
Akasimama pale, karanga mkononi, hazili.
"Ulifunguka polepole," akasema.

Nyumbani Sechelela alikuwa amelala na viatu.
Chungu cha mlenda kilikuwa wazi;
kifuniko chake hatujakiona tangu tuhame Bahi,
nimezoea kukifunika kwa sahani isiyoenea.
Mimi ni mtu mzima. Nina deni la vikoba.
Nilimvua mtoto viatu, kimoja, kingine,
nikavipanga kisigino kwa kisigino,
nikashangaa mikono yangu imejifunza wapi utulivu huo.
Kisha, nisiulizwe kwa nini,
nikamenya karanga tatu
nikaziweka sakafuni karibu na jiko.

Asubuhi zilikuwa mbili.

Panya, nikasema.
Lakini panya wa Nkuhungu, tunajuana naye,
haachi mbili.
Nikachukua dumu, nikaenda foleni.
Sahani juu ya chungu niliiondoa,
nikakiacha wazi, hivyo hivyo,
iwapo kuna mtu bado anatafuta.